Zwingen, nötigen, drängen: vitenzi vya Kijerumani vya kumlazimisha mtu

Mwanafunzi wa Kijerumani akiuliza maana ya "zwingen" ataambiwa ni kulazimisha. Akikutana na "nötigen" ataambiwa ni kulazimisha, au kushurutisha. "Drängen" ataelezwa kuwa ni kushinikiza, jambo ambalo kichwani mwake linakaa jirani kabisa na kulazimisha. Baadaye humiminika "erzwingen", "aufzwingen", "aufdrängen", "abnötigen", "bedrängen", "erpressen". Kufikia hapo wengi hujitengenezea ngazi: drängen kipo chini kwa kuwa ni chepesi, nötigen kipo katikati, zwingen kipo juu kwa kuwa kina nguvu kuliko vyote.

Ngazi hiyo inapotosha, na ningependa kuibomoa. Kijerumani hakivipimi vitenzi hivi kwa uzito wa nguvu iliyotumika. Kinataka kujua mambo mengine: je, aliyebanwa alikubali mwishowe? Kinachotajwa kama mtendwa ni mtu, au ni kile kilichopatikana kwake? Na je, aliyebana alikuwa na haki ya kubana? Ukishayajua hayo utaacha kukariri visawe, na utaanza kusikia kwa nini Mjerumani amechagua neno hili akaliacha lile.

Zwingen ndicho kitenzi mama. Hubadilika irabu: zwingen, zwang, gezwungen. Sifa yake kubwa ni kwamba kinabeba matokeo ndani yake. Ukisema "Er zwang sie zu unterschreiben", umeshasema kwamba mwanamke yule alitia saini. Huwezi kuongeza "lakini hakutia", kwa sababu sentensi itajipinga yenyewe. Kama saini haikuwekwa, unapaswa kusema "Er wollte sie zwingen" au "Er versuchte, sie zu zwingen", yaani alitaka au alijaribu. Kiswahili hakitubani hivyo. Mtu anaweza kusimulia, "Walinilazimisha nitie saini, nikakataa," na hakuna atakayeona kasoro, maana kwetu kulazimisha kunaweza kuwa kitendo cha anayebana peke yake, hata kama aliyebanwa hakutikisika. Msemaji wa Kiswahili akiihamishia sentensi hiyo kwenye Kijerumani kwa zwingen, msikilizaji ataelewa kwamba saini ipo, kisha atashangaa kusikia kwamba haipo. Mbele ya wakili au polisi, tofauti hiyo si ndogo.

Kwa kuwa zwingen kinatazama matokeo, hakijali sana kilichobana ni nini. Mvua inaweza: "Der Regen zwang uns zur Umkehr", mvua ilitufanya tugeuze njia. Ugonjwa unaweza, ukosefu wa pesa unaweza, na mtu anaweza kujifanyia mwenyewe: "Ich zwang mich zu essen", nilikula kwa kujikaza tu. Ndiyo maana kampuni zinapopandisha bei huandika "Wir sehen uns gezwungen, die Preise zu erhöhen", tunajiona tumelazimika kupandisha bei. Ukiisoma vizuri sentensi hiyo, utaona kwamba aliyewalazimisha hatajwi popote. Bei imepanda na mwenye kuipandisha amejificha nyuma ya kitenzi.

Familia ya neno hili ni pana, na baadhi ya watoto wake huwashtua wageni. "Ein gezwungenes Lächeln" ni tabasamu la kujilazimisha. "Zwingend erforderlich" kwenye fomu ni kile kiambatisho ambacho usipokiweka fomu yako haitashughulikiwa. Lakini ukialikwa kwenye "zwangloses Beisammensein" usiogope: ni mkusanyiko usio na utaratibu mkali, njoo na nguo zako za kawaida, keti unapopenda.

Drängen kina asili ambayo sisi tunaweza kuielewa haraka kuliko wanafunzi wengine wengi. Kipo kitenzi "dringen", kupenya. Drängen kilizaliwa kama umbo lake la kusababisha, kama sisi tunavyotoa penyeza kutoka penya. Kijerumani cha kale kilikuwa na njia ya kuunda vitenzi vya kutendesha kwa kubadili irabu ya ndani, na mabaki yake yapo hadi leo: sitzen ni kukaa na setzen ni kukalisha, trinken ni kunywa na tränken ni kunywesha, fallen ni kuanguka na fällen ni kuangusha mti. Njia hiyo ilikufa zamani, huku yetu ikiwa bado hai na inazaa maneno kila siku. Mjerumani wa leo hawezi kuchukua kitenzi chochote akakitia kiambishi kama -ish- au -z-. Kwa hiyo imembidi awe na maneno mengi tofauti kwa kazi ambayo sisi tunaiachia silabi moja.

Drängen kwa maana ya mwili ni kusukumana, kama watu mlangoni mwa basi. Kwa maana ya maneno ni kumhimiza mtu kwa kumbana, bila kumpa nafasi ya kupumua. Tofauti yake na zwingen ni kwamba hakisemi lolote kuhusu mwisho wa jambo. "Er drängte sie zu unterschreiben, aber sie weigerte sich" ni sentensi nzima isiyo na tatizo: alimbana atie saini, naye akakataa. Sasa utaona kwa nini ngazi ya nguvu haisaidii. Drängen kinaweza kuwa kikali mno, cha simu ishirini kwa siku na vilio juu, na kikabaki drängen kwa kuwa mlango wa kukataa haujafungwa. Zwingen kinaweza kuwa kimya kabisa, mradi mlango umefungwa.

Kitenzi hiki kinapenda kihusishi "auf" kinapotaja jambo linalodaiwa badala ya mtu: "auf eine Entscheidung drängen" ni kusisitiza uamuzi utolewe. Hata wakati wenyewe unaweza kubana: "Die Zeit drängt". Kivumishi "dringend" juu ya barua ni haraka, "aufdringlich" ni mtu king'ang'anizi asiyejua kuondoka, na "Drang" ni msukumo wa ndani, neno lile lile lililo katika "Sturm und Drang", jina la kizazi cha waandishi Wajerumani wa miaka ya 1770.

Ukiongeza -eln unapata "drängeln": kusukuma kidogo kidogo, tena na tena, kwa papara. Mtoto hukatazwa hivyo kwenye foleni, "Nicht drängeln!" Neno hilo lenye sura ya kitoto limepata maisha mengine katika barabara kuu za Ujerumani. "Drängler" ni dereva anayekufuata mgongoni kwa kasi, akikuwashia taa umpishe. Madereva wa huko hufundishwa kuacha umbali wa mita nusu ya kasi yao: ukienda kilomita 100 kwa saa, acha mita 50. Dereva asiyeacha umbali hupigwa faini. Lakini akikubana kwa muda na kwa ukali wa kutosha hadi ukalazimika kuhama njia, mwendesha mashtaka anaweza kuacha neno drängeln akachukua jingine, Nötigung, na hapo kosa linakuwa la jinai. Kitendo kilianza kwa jina moja na kimefika mahakamani kwa jina la pili.

Kabla ya kufika huko, niseme kuhusu viambishi vya mwanzo, maana hapa ndipo makosa mengi ya kisarufi hutokea. Zwingen humtaja mtu kama mtendwa: "jemanden zwingen", kumlazimisha fulani. Ukiweka er- mbele, mtu anaondoka kwenye nafasi hiyo na kinaingia kile kilichopatikana: "ein Geständnis erzwingen", kupata ungamo kwa kulazimisha. Huwezi kusema "ich habe ihn erzwungen" ukimaanisha ulimlazimisha mtu. Kiambishi er- mara nyingi kina maana ya kufikia au kupata kwa njia ya kitendo, na ndiyo maana kinavuta kitu, si mtu.

Ukiweka auf- mbele, vyote viwili vinatajwa: mtu kwa dativu (umbo la mtendewa), kitu kwa akuzativu (umbo la mtendwa). "Sie haben ihr einen Bräutigam aufgezwungen", walimlazimishia mchumba. Angalia jinsi Kiswahili kinavyokwenda sambamba: sisi tunaongeza -i- ya kutendea, lazimisha inakuwa lazimishia, na papo hapo sentensi ina nafasi ya mtendewa na ya kitu anachobebeshwa. Mwalimu anayewafundisha Waswahili aufzwingen na aufdrängen angeanzia hapo, badala ya kuanza na majedwali ya dativu. Aufdrängen ni cha mtu anayekusukumia zawadi, ushauri au bidhaa usiyoihitaji. Nacho kina sentensi moja ya adabu inayofaa kuijua: "Ich will mich nicht aufdrängen", sipendi kujipachika kwenye mambo yenu. Mgeni husema hivyo anapoombwa abaki kwa chakula.

Ab- ni kinyume cha auf-: kitu kinatoka kwa mtu. "Jemandem ein Versprechen abnötigen" ni kumtoa mtu ahadi kwa kumbana. "Abringen" ni kuipata kana kwamba unapigana naye mieleka, "abtrotzen" kwa ukaidi, "abpressen" kwa kumkamua. Abnötigen kina matumizi ya kusifu pia: "Ihre Leistung nötigt mir Respekt ab", kazi yake inanifanya nimheshimu, nipende nisipende. Be- humzunguka mtu pande zote: "bedrängen" ni kumsonga, kumwandama, na siku hizi hutumika sana kwa wanaume wanaowasumbua wanawake barabarani au kazini.

Sasa nötigen. Hiki ndicho kitenzi ninachokiona chenye utajiri kuliko vyote hapa, kwa sababu kinaishi katika nyumba mbili zisizofanana. Kimetoka katika "Not", dhiki. Kumnötigen mtu, kwa asili, ni kumtia dhikini mpaka asione njia nyingine.

Nyumba ya kwanza ni meza ya chakula. Katika Kijerumani cha kizamani kidogo, mwenyeji mkarimu humnötigen mgeni achukue kipande kingine cha keki. Mgeni husita kwa adabu, mwenyeji husisitiza, mgeni husita tena, mwenyeji huweka kwenye sahani. Yeyote aliyelelewa Pwani anaijua ngoma hiyo bila kufundishwa. Kutoka hapo umebaki msemo "sich nicht lange nötigen lassen", kutosubiri kubembelezwa: "Er ließ sich nicht lange nötigen und griff zu", hakungoja kuambiwa mara mbili, akajipakulia. Hakuna ubaya wowote katika nötigen hiyo.

Nyumba ya pili ni Kanuni ya Adhabu ya Ujerumani, kifungu cha 240. Huko Nötigung ni kosa la anayemfanya mtu, kinyume cha sheria, kwa nguvu au kwa kitisho cha madhara makubwa, atende jambo, avumilie jambo, au aache kulitenda. Adhabu ni faini au kifungo cha hadi miaka 3, na katika hali mbaya sana hadi miaka 5. Kosa linakamilika pale tu aliyebanwa anapofanya kile alichobanwa akifanye. Kama hakufanya, mbanaji hushtakiwa kwa jaribio, ambalo nalo lina adhabu. Sheria, kama sarufi ya zwingen, inasubiri matokeo.

Kifungu hicho kina aya ya pili ambayo wanasheria wameipigania kwa miongo mingi. Inasema kitendo ni kinyume cha sheria pale ambapo kutumia nguvu au kutishia kwa ajili ya lengo lile ni "verwerflich", yaani ni jambo la kulaaniwa kimaadili. Maana yake, si kila kitisho ni Nötigung. Nikikudai na nikakuambia nitakushtaki usiponilipa, ninakutisha, lakini kwa njia halali kwa lengo halali. Nikikuambia nilipe la sivyo nitawaeleza polisi kwamba mwezi uliopita uliendesha gari ukiwa umelewa, deni langu ni la kweli, kosa lako ni la kweli, na kwenda polisi ni haki yangu. Hata hivyo kuviunganisha viwili hivyo visivyohusiana ndiko kunakoweza kunitia hatiani. Hakuna ngazi ya nguvu itakayokueleza hilo.

Neno "nguvu" nalo, Gewalt, limezua ugomvi. Mwaka 1966 wanafunzi mjini Köln walikaa kwenye reli za tramu kupinga kupanda kwa nauli. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilisema hiyo ilikuwa Gewalt, kwani dereva wa tramu alibanwa kisaikolojia: asingeweza kuwakanyaga watu. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ikakataa upana huo. Ilisema mtu kuwepo tu mahali, bila zaidi ya athari ya kisaikolojia kwa mwingine, hakutoshi kuitwa nguvu, kwa kuwa raia lazima aweze kujua mapema neno la sheria ya jinai linafika wapi. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ikapata njia nyingine: dereva wa gari la kwanza anazuiwa na dhamira yake, lakini yule wa gari la pili anazuiwa na gari lililosimama mbele yake, ambalo ni kizuizi cha chuma. Kwa hoja hiyo ya safu ya pili, waandamanaji wa tabianchi waliojigandisha kwa gundi barabarani kuanzia 2022 walishtakiwa kwa Nötigung. Wengine waliona hukumu hizo ni za haki na wengine waliona ni uonevu. Mimi ninachokiona ni kitenzi kilichozaliwa kutoka neno dhiki, sasa kinaamua nani analala jela.

Mfano mzito zaidi ni wa 2016. Hadi mwaka huo sheria ya ubakaji ya Ujerumani ilisimama juu ya nötigen: mshtakiwa alipaswa kuwa ametumia nguvu, au kitisho dhidi ya mwili au uhai, au kumtumia vibaya mwanamke aliyekuwa hana ulinzi. Mwanamke aliyesema hapana, akalia, na mtu akaendelea bila kumpiga wala kumtishia, alikuwa na hatari ya kuambiwa kwamba hakukuwa na Nötigung. Baada ya kampeni ndefu ya "Nein heißt Nein", hapana ni hapana, Bunge lilibadilisha kifungu cha 177, na tangu Novemba 2016 inatosha kwamba kitendo kilikwenda kinyume cha utashi wa mtu ulioonekana wazi. Nötigung ilibaki humo kama hali inayozidisha uzito wa kosa, lakini haikuwa tena mlango pekee wa kuingilia. Watu walioteseka walikuwa wamefungiwa nje na ufinyu wa kitenzi kimoja, na ninafurahi kwamba mlango ulifunguliwa.

Erpressen hakihitaji maneno mengi. Kinatokana na pressen, kukamua, na kisheria ni Nötigung yenye pesa ndani: mbanaji anataka kujitajirisha isivyo haki na aliyebanwa anapata hasara ya mali. Kitenzi hiki kinakubali mtu na kitu: "jemanden erpressen", kumtishia mtu ili atoe, na "Lösegeld erpressen", kudai fidia ya mateka. Silaha hutajwa kwa mit: "mit Fotos erpressen". Katika mazungumzo ya nyumbani husikika pia "emotionale Erpressung", pale mtu anapotumia mapenzi au machozi kukamua anachokitaka.

Tofauti nyingine ambayo anayeishi Ujerumani atakutana nayo ni kati ya Pflicht na Zwang. Pflicht ni wajibu: Schulpflicht ni wajibu wa mtoto kusoma. Zwang ni pale mkono wa mtu unapokuja kukufanyia. Wakati wa korona nchi nzima iligawanyika juu ya maneno haya. Waliotaka sheria ya chanjo walisema "Impfpflicht", waliopinga walisema "Impfzwang", na mara nyingi ungeweza kujua msimamo wa msemaji kabla hajamaliza sentensi. Bunge lilikataa pendekezo la wajibu wa chanjo kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi tarehe 7 Aprili 2022. Kisheria waliosema Pflicht walikuwa na hoja: asiyetimiza wajibu angetozwa faini, hakuna ambaye angeshikwa akachomwa sindano. Lakini mtu asiye na pesa ya faini huenda asione umbali mkubwa kati ya maneno hayo mawili.

Serikali yenyewe haiogopi neno Zwang inapotaka kulitumia. Ukipuuza agizo la ofisi unaweza kuletewa barua yenye "Androhung eines Zwangsgeldes", onyo la kutozwa Zwangsgeld. Wengi wakiona hivyo hudhani wamepigwa faini. Faini, "Bußgeld", ni adhabu ya kosa lililopita. Zwangsgeld ni pesa ya kukusukuma ufanye jambo ambalo bado hujalifanya, na kwa kawaida ukilifanya kwa wakati huilipi. "Zwangsräumung" ni kuondolewa kwenye nyumba kwa amri ya mahakama, "Zwangsversteigerung" ni nyumba kupigwa mnada kwa ajili ya deni. Na polisi wakitangaza kwenye vipaza sauti kwamba watatumia "unmittelbarer Zwang", wanasema watashika watu kwa mikono, marungu au maji ya kuwasha. Ondoka.

Vipo vile laini, ambavyo nitavipita upesi. "Überzeugen" ni kumfanya mtu aamini. "Überreden" ni kumfanya akubali kwa maneno ingawa moyoni hajaridhika. "Veranlassen" ni cha maofisa: kusababisha jambo lifanyike. Bewegen kina mtego: kikiwa na maana ya kusogeza ni bewegte, bewegt, lakini kikiwa na maana ya kumvuta mtu hadi akaamua ni bewog, bewogen. "Was hat dich dazu bewogen?" ni swali la upole kwa mtu aliyefanya uamuzi mkubwa.

Upole huu una upande wake wa giza, na historia yetu inaujua. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani watawala hawakupenda kuita kazi ya lazima kwa jina lake. Walisema "Erziehung zur Arbeit", malezi ya kazi. Vitenzi vyao vilikuwa "anhalten", ambacho hutumika kwa mzazi anayemzoeza mtoto tabia njema, na "heranziehen", kumvuta mtu karibu na kazi. Kodi ya serikali kwa kila nyumba, iliyoanza 1898, ilikuwa na lengo la kuwasukuma watu kwenye kazi za ujira, na waliokosa pesa walilipa kwa jasho. Kuanzia 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, wakazi wa kusini walitolewa majumbani kulima pamba katika mashamba ya pamoja, yakisimamiwa na maakida na majumbe. Wajerumani waliyaita "Kommunalschamben". Walichukua neno letu shamba wakaliunga na lao la jumuiya, na jina lililopatikana halikuwa na Zwang ndani yake. Waliolima hawakudanganyika. Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Utawala wa Wanazi ulifanya vivyo hivyo kwa upana wa Ulaya. Watu takriban milioni 13 walifanyishwa kazi ndani ya himaya yao, wakiwemo mateka wa vita na wafungwa wa makambi, na mamilioni miongoni mwao waliitwa "Fremdarbeiter", wafanyakazi wa kigeni, kana kwamba walikuja kutafuta ajira. Neno "Zwangsarbeiter" ndilo wanahistoria wa Ujerumani wanalolitumia sasa. Mwaka 2000 ulianzishwa mfuko wa kuwalipa walionusurika, na hadi 2007 ulikuwa umewalipa watu wapatao milioni 1.66. Hakuna mfuko kama huo uliowahi kuwafikia wajukuu wa waliolima pamba ya Umatumbi.

Vijana wengi wa Afrika Mashariki sasa wanajifunza Kijerumani kwa ajili ya kazi, hasa uuguzi. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira. Kwao, hali inayoweza kuwakuta ni hii: mwajiri anakuita ofisini, anakuwekea mbele "Aufhebungsvertrag", mkataba wa kuachana kwa makubaliano, na anataka saini sasa hivi. Ukisema baadaye "Ich wurde gedrängt", umesema ulisukumwa. Peke yake haitoshi kuutengua mkataba: mwaka 2022 Mahakama ya Kazi ya Shirikisho ilisema kumtaka mfanyakazi aamue papo hapo, kwa hilo tu, si kukosa uadilifu. Lakini mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeeleza kwamba majadiliano lazima yawe ya haki. Ilikuwa kesi ya mfanyakazi wa usafi aliyetia saini nyumbani kwake, ambaye alisema alikuwa mgonjwa. Mahakama ilisema mkataba unaweza kuanguka endapo mwajiri alitumia vibaya udhaifu wa aina hiyo.

Na ikiwa ulitishiwa kinyume cha sheria, kifungu cha 123 cha Sheria ya Kiraia kinakuruhusu kuutengua mkataba, ndani ya mwaka mmoja tangu hali ya kubanwa ilipokwisha. Hapo usitafute kitenzi kikali cha kulazimisha. Wakili atataka kujua ulitishiwa nini, na nani, kwa maneno gani. Tumia drohen, ambacho humtaja mtu kwa dativu na kitisho kwa mit: "Mein Chef hat mir mit einer fristlosen Kündigung gedroht", bosi wangu alinitishia kunifukuza kazi papo hapo. Kisha taja siku, saa, waliokuwemo chumbani, na kama uliomba muda wa kufikiri ukanyimwa.